Kuongeza Kasi ya Prosesa na Kunoa RAM: Mwongozo Kamili kwa Kompyuta ya Mezani

Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu yenye kasi ya megahezi 300. Kasi hiyo ilipatikana kwa kuzidisha saa ya basi (njia inayounganisha prosesa na vifaa vingine), megahezi 66, mara 4.5, namba inayoitwa kizidisho. Wenye udadisi wakagundua kwamba ukilipandisha basi hadi megahezi 100, nyingi kati ya prosesa hizo zinakimbia kwa megahezi 450 bila kulalamika. Ni nyongeza ya nusu nzima kwa kubadilisha namba moja tu.

Hadithi hiyo bado inawavuta watu kwenye kazi hii, na bado inawapotosha. Prosesa za sasa zinatoka kiwandani zikiwa tayari zimesukumwa karibu na ukingo wake, na zinajipandisha zenyewe kila zinapopata nafasi ya joto na umeme. Ukilazimisha megahezi tu, utaambulia asilimia 3 hadi 5 na chumba chenye joto. Faida kubwa imehamia sehemu mbili: kupunguza volti ili prosesa ipate nafasi ya kujipandisha, na kuinoa RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo mara nyingi inafanya kazi chini ya uwezo wake tangu siku ya kwanza. Mwongozo huu unazifuata njia hizo mbili, na unatumia muda mwingi kwenye upimaji, kwa sababu kubadilisha namba ni kazi ya dakika kumi ilhali kuhakikisha kwamba namba hizo ni salama huchukua siku.

Nianze na onyo ninalolijua kwa uchungu. Niliwahi kupandisha RAM, nikacheza mchezo kwa saa mbili, nikaona kompyuta haijaganda, nikaamini kazi imekwisha. Wiki tatu baadaye picha za familia nilizokuwa nimezihamisha kipindi hicho zilianza kufunguka zikiwa na mistari ya kijivu katikati. RAM ilikuwa inakosea biti chache kwa siku, na kila faili lililopita humo liliandikwa kwenye diski likiwa na kosa. Kwa hiyo kabla ya hatua yoyote, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe na uiweke pembeni hadi utakapomaliza kupima.

Kwanza, jua kama vifaa vyako vinaruhusu

Kwa Intel, kizidisho kimefunguliwa kwenye prosesa ambazo jina lake lina herufi K mwishoni, pamoja na ndugu zake KF na KS, na mazabodi, bamba kuu la saketi, iwe na chipseti (chipu zake za usimamizi) ya Z, kama Z690 au Z790. Mazabodi za B za miaka ya karibuni, kuanzia B560, zinakuruhusu kupandisha RAM lakini si kizidisho cha prosesa. Kwa AMD, Ryzen za mezani karibu zote zimefunguliwa, ila mazabodi iwe ya B au X. Zile za A, kama A520 na A620, hazikuruhusu kupandisha prosesa. Zipo prosesa za pekee pia: Ryzen 7 5800X3D ya mwaka 2022 ilitoka ikiwa imefungwa kizidisho, kwa sababu kumbukumbu ya akiba iliyobandikwa juu ya viini vyake, sehemu zinazofanya hesabu, haipendi joto wala volti kubwa. Ryzen 7 9800X3D ya 2024 imefunguliwa, baada ya tabaka hilo kuhamishiwa chini ya viini.

Kama vyako havimo, usikate tamaa. Sehemu ya RAM itakufaa bado.

Kisha tazama upoozaji. Fungua kasha, ondoa vumbi kwenye mapezi ya kipozeo na kwenye vichujio vya feni, hakikisha hewa inaingia mbele na kutokea nyuma au juu. Kama pesti ya joto ina miaka kadhaa, ifute kwa spiriti na upake mpya. Hakikisha pia waya zote za umeme wa prosesa zilizo juu ya mazabodi zimechomekwa hadi mwisho. Pawasaplai dhaifu itakupa matatizo yanayofanana kabisa na ya volti ndogo, nawe utapoteza siku ukimtafuta mchawi asiyekuwepo.

Sasisha BIOS, programu ya mazabodi yenye menyu za mipangilio hii, kabla ya kuanza. Kwa wenye Intel za kizazi cha 13 na cha 14 jambo hili ni la lazima. Mwaka 2024 ilibainika kwamba prosesa hizo zilikuwa zinaomba volti kubwa mno na baadhi zikachakaa kabla ya wakati. Agosti mwaka huo Intel ilitoa mikrokodi (maagizo ya ndani ya prosesa) 0x129 inayozuia maombi ya volti kuvuka 1.55, na nyingine zikafuata. Kwa wenye Ryzen 7000, BIOS zilizotoka baada ya visa vya kuungua vya mwaka 2023 zinaizuia volti ya SoC, sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu, isivuke 1.3. Usipandishe chochote kwenye BIOS iliyotangulia tarehe hizo.

Zana na daftari

Utahitaji programu chache zisizolipiwa: HWiNFO64 ya kusoma joto, volti na kasi, CPU-Z ya kuthibitisha kasi na hali ya RAM, Cinebench ya kupima alama, Prime95, OCCT na y-cruncher za kuitesa prosesa, TestMem5 na MemTest86 za kuichunguza RAM. Mwenye Linux atatumia stress-ng, na ataangalia makosa ya vifaa kwa journalctl.

Kifaa cha maana kuliko vyote hivyo ni daftari la karatasi. Kompyuta itaganda, BIOS itajifuta, na maelezo uliyoyaandika ndani ya kompyuta hiyohiyo hutayaona. Andika tarehe, ulichobadilisha, joto la juu kabisa, alama, na matokeo ya kila kipimo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na kompyuta ikaanguka, hutajua ni kipi kati ya vitatu kilichoiangusha.

Ukurasa wa kwanza wa daftari uwe na vipimo vya hali ya kiwandani. Rudisha BIOS kwenye mipangilio yake ya awali, endesha Cinebench ya viini vyote kwa dakika kumi, andika alama, kasi, wati na joto. Fanya hivyo mara tatu uchukue wastani. Bila ukurasa huo hutakuwa na cha kulinganisha, na utajikuta unafurahia nyongeza ambayo haipo.

Jifunze pia mapema namna ya kufuta CMOS, yaani kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS: ama kitufe nyuma ya mazabodi, ama pini mbili za kugusisha na bisibisi, ama kutoa betri ya CR2032 kwa dakika chache umeme ukiwa umechomolewa. Utaihitaji.

Volti ndiyo inayogharimu

Umeme unaoliwa na prosesa unaenda sambamba na kasi, lakini unaenda na volti kwa kipeo cha pili. Tuseme prosesa iko gigahezi 5.0 kwa volti 1.25, nawe ukataka gigahezi 5.2, na ili itulie ikadai volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 4. Umeme umeongezeka kwa takriban asilimia 21. Joto hilo lote lazima litoke kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha.

Geuza hesabu hiyohiyo. Ukibaki gigahezi 5.0 na kushusha volti kutoka 1.25 hadi 1.15, umeme unapungua kwa karibu asilimia 15. Prosesa iliyokuwa inagonga ukomo wa joto au wa wati sasa ina nafasi, na itajipandisha yenyewe. Ndiyo maana mimi huanza kwa kushusha volti kabla ya kupandisha kitu chochote, hata kwa mtu anayetaka kasi tu.

Prosesa mbili za jina moja si pacha. Moja itashuka volti 0.1 bila shida, nyingine itaanguka kwenye 0.03. Namba ulizosoma kwa mwenzako zichukue kama dalili ya mwelekeo, usizinakili.

Njia ya AMD

Kwa Ryzen 5000 na kuendelea, acha kabisa wazo la kuweka kasi moja kwa viini vyote. Ukifanya hivyo unapata kidogo kwenye kazi nzito na unapoteza mengi kwenye kazi nyepesi, kwa sababu kiini kimoja kikiwa peke yake huweza kupanda juu kuliko kasi yoyote ambayo vyote kwa pamoja vingevumilia. Nenda kwenye menyu ya Precision Boost Overdrive, ifungue, kisha tafuta Curve Optimizer.

Hapo unashusha mkunjo wa volti wa kila kiini kwa hatua, na kila hatua ni takriban milivolti 3 hadi 5. Anza na hasi 10 kwa viini vyote. Pima. Nenda hasi 15, kisha 20. Mahali fulani kiini kimoja kitakosea. Viini bora, vile ambavyo HWiNFO64 huvionyesha kuwa vya kwanza kwa daraja, mara nyingi ndivyo vinavyovumilia kidogo zaidi, kwa sababu tayari vinapewa volti ndogo na kasi kubwa. Vipe hasi 5 au 10 na uache vingine vishuke hadi 25 au 30.

Mtego wa Curve Optimizer ni kwamba kompyuta itapita Cinebench na Prime95 ya viini vyote kwa saa kadhaa, halafu ijiwashe upya usiku ikiwa haifanyi lolote. Chini ya mzigo mzito kasi iko chini na volti inatosha. Hatari iko kwenye mzigo mwepesi, pale kiini kimoja kinaporuka hadi kileleni kwa sekunde moja. Kwa hiyo pima kiini kimoja kimoja. CoreCycler hufanya hivyo: inaendesha Prime95 kwenye kiini cha kwanza kwa dakika kadhaa, inahamia cha pili, na kukuambia ni kipi kimekosea. Iache usiku kucha. Kiini kilichokosea kipandishe hatua 3 hadi 5, urudie.

Ukomo wa wati unaitwa PPT. Prosesa za AM5, soketi ya Ryzen 7000 na kuendelea, zenye TDP (wati anazotangaza mtengenezaji) ya wati 170 zina PPT ya wati 230. Ryzen 7000 imejengwa kuvumilia nyuzi 95, nayo itazifuata hadi izifikie ukiiachia. Mimi huweka ukomo wa nyuzi 85 kwenye menyu hiyohiyo. Alama zinazopotea ni chache sana, na feni zinatulia.

Njia ya Intel

Kasi hapa ni kizidisho mara saa ya msingi, ambayo ni megahezi 100. Saa ya msingi usiiguse. Inavuta na vitu vingine ambavyo hukukusudia kuvigusa. Kabla ya kizidisho, angalia ukomo wa wati. Mazabodi nyingi zimekuwa na tabia ya kuuondoa ukomo huo zenyewe ili zionekane bora kwenye alama. Core i9-14900K, kwa mfano, imepangiwa wati 253. Weka PL1 (ukomo wa muda mrefu) na PL2 (wa muda mfupi) kulingana na prosesa yako na kipozeo chako.

Anza na tofauti ya volti (offset) ya hasi, yaani kushusha: milivolti 25, pima, kisha 50, kisha 75. Ikianza kukosea, rudi hatua moja nzima na sehemu kidogo ya ziada kwa ajili ya siku za joto. Baada ya hapo, kama joto lako linabaki chini ya nyuzi 85 kwenye mzigo mzito, pandisha kizidisho cha viini vikubwa kwa 1. Pima. Kikitulia, pandisha tena. Kikianguka na ili kisimame kinadai volti nyingi, hapo ndipo ukingo wako ulipo.

Kuna mpangilio unaoitwa Load-Line Calibration ambao hutatanisha wengi. Mzigo unapokuja kwa ghafla, volti kwenye prosesa hushuka kidogo. Ni tabia ya kawaida ya saketi na imewekwa kwa makusudi. Ukiweka LLC ya juu kabisa ili volti isishuke hata chembe, basi mzigo unapoondoka ghafla volti inaruka juu ya ile uliyoiweka, kwa muda mfupi ambao HWiNFO64 haiwezi kuuona. Chagua ngazi ya katikati uiache volti ishuke kidogo.

Kupima prosesa bila kujidanganya

Kwa kila hatua ndogo, dakika kumi za Cinebench zinatosha kukuambia kama uendelee. Ukishapata mpangilio unaoupenda, ndipo mateso ya kweli yanapoanza. Prime95 kwa FFT (aina ya hesabu inazofanya) ndogo huibana prosesa kwa joto kubwa kuliko kazi yoyote ya kawaida, kwa hiyo kaa karibu dakika za kwanza na macho yako yawe kwenye joto. Intel huanza kujipunguza kasi kwenye nyuzi 100. Ikifika huko ndani ya dakika moja, simamisha na urudi kwenye volti. Saa mbili bila kosa ni mwanzo mzuri. Kisha y-cruncher kwa saa mbili nyingine, kwa sababu inagusa maagizo tofauti na huvumbua makosa ambayo Prime95 hupita bila kuyaona.

Usiangalie tu kama kompyuta imeanguka. Fungua kitazamaji cha matukio cha Windows na utafute chanzo kinachoitwa WHEA-Logger. Hapo kompyuta huandika makosa iliyoyagundua na kuyasahihisha kimyakimya. Hata kosa moja lililosahihishwa ni ushahidi kwamba uko nje ya mpaka. Tukio namba 18, la kosa lisilosahihishika, kwa kawaida hutaja kitambulisho cha APIC, na kwacho utajua ni kiini gani chenye lawama. HWiNFO64 nayo ina mstari wa makosa ya WHEA, uwe unaonekana muda wote wa kupima.

Sasa RAM

Ukishamaliza prosesa, au kama umeiruka, irudishe kwenye hali uliyothibitisha na usiiguse tena unapoinoa RAM. Kompyuta yenye mashaka mawili kwa wakati mmoja haipimiki.

Anza na nafasi. Kama una vipande viwili na mazabodi ina nafasi nne, vipande vikae kwenye ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Vikikaa viwili vya kwanza, vinatumia chaneli moja, njia ya data kati ya RAM na prosesa, na umepoteza nusu ya upana. DDR4-3200 (RAM ya kizazi cha nne yenye kasi ya 3200) kwenye chaneli moja hubeba hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde, kwenye mbili 51.2. Hakuna taimingi (namba za kusubiri za RAM, nitazieleza mbele) itakayokurudishia kilichopotea hapo. Na kama una mpango wa kujaza nafasi zote nne, ujue vipande vinne vinakibebesha kidhibiti cha kumbukumbu mzigo zaidi, hasa kwenye DDR5, na kasi utakayoipata itakuwa chini.

Hatua ya pili ni kuwasha XMP, au EXPO kwa mazabodi za AMD, yaani profaili ya mipangilio iliyohifadhiwa ndani ya RAM. Wengi hununua RAM iliyoandikwa 6000 na hawajui kwamba inakimbia kwa 4800, kwa sababu ndiyo kasi inayowaka nayo bila kuambiwa lolote. Profaili hiyo inaweka kasi, taimingi na volti alizoahidi mtengenezaji. DDR4 itatoka volti 1.2 hadi 1.35, DDR5 itatoka 1.1 hadi kati ya 1.25 na 1.4. DDR5 huweza kukaa dakika kadhaa na skrini nyeusi mara ya kwanza, mazabodi ikijifunza ishara za RAM. Usizime umeme kwa kukosa subira.

Kwa watu wengi, hapo ndipo penye faida kubwa kuliko zote. Kinachofuata ni kwa mwenye muda na hamu.

Taimingi ni kitu gani hasa

Fikiria RAM kama kabati lenye droo nyingi, na kila droo ina mafaili yaliyopangwa kwa safu. Ili usome faili lazima kwanza uvute droo: muda huo ni tRCD. Droo ikiwa wazi, muda wa kulitaja faili hadi likufikie mkononi ni CL. Ukitaka droo nyingine sharti uifunge hii kwanza, na kufunga kunachukua tRP. Nayo tRAS ni muda mfupi kabisa ambao droo lazima ikae wazi kabla hujaruhusiwa kuifunga.

Namba hizo zinahesabu mizunguko ya saa, si muda halisi, na hapa ndipo watu wanapouziwa RAM mbaya kwa sifa nzuri. Ili upate nanosekunde, zidisha CL kwa 2000, gawanya kwa kasi iliyoandikwa. DDR4-3200 ya CL16 ni nanosekunde 10. DDR4-3600 ya CL18 ni 10 vilevile. DDR5-6000 ya CL30, ni 10 tena. Lakini DDR5-6000 ya CL40 ni 13.3, na DDR5-4800 ya CL40 ni 16.7. Fanya hesabu hii kabla ya kununua na kabla ya kujivunia.

Kasi ipi ulenge

Kasi kubwa kuliko zote si lazima iwe bora, kwa sababu RAM inazungumza na kidhibiti kilichomo ndani ya prosesa na viwili hivyo vinapenda kwenda hatua moja. Ryzen 5000 ina basi la ndani, Infinity Fabric, ambalo kwa wengi hutulia megahezi 1800 hadi 1900, kwa hiyo DDR4-3600 hadi 3800 ndiyo sehemu tamu. Ukienda 4000 na basi likashindwa kufuata, vinatengana na ucheleweshaji unaruka juu. Kwa Ryzen 7000, lenga DDR5-6000 huku kidhibiti kikienda megahezi 3000 sawa na RAM. Baadhi hufika 6400, na hapo ni suala la bahati ya prosesa uliyonayo. Kwenye Intel jambo hilohilo linaitwa Gear: DDR4 iendeshe kwa Gear 1 (kidhibiti sawa na RAM) kadiri kidhibiti kinavyoweza, DDR5 itakuwa Gear 2 (kidhibiti nusu ya RAM).

Ukipandisha kasi, huenda ukahitaji kuongeza volti ya SoC kwa AMD au ya System Agent, sehemu inayofanana nayo, kwa Intel. Ongeza kwa milivolti 10 au 20 tu. Kwa Ryzen 7000, mimi sivuki 1.25 hata kama ukomo ni 1.3. Tena usishangae kama kuongeza kunazidisha makosa. Vidhibiti vingine hutulia vikipewa kidogo.

Kukaza taimingi

Weka kasi yako na volti ya profaili. Shusha CL kwa 1, au kwa 2 kwenye DDR5 kwa kuwa inapokea namba shufwa tu. Washa, pima dakika ishirini, endelea. Kisha tRCD na tRP pamoja, kwa 1. Hizi huwa ngumu kuliko CL na haziitikii volti kwa wepesi. Iache tRAS isipungue jumla ya tRCD na tRTP (muda kati ya kusoma na kufunga droo). CL inaitikia volti, kwa hiyo kama una feni inayopuliza juu ya RAM unaweza kwenda 1.40 kwenye DDR4 au 1.40 hadi 1.45 kwenye DDR5.

Lakini hazina halisi iko kwenye taimingi za daraja la pili, ambazo profaili za kiwandani huziacha legelege. Kila mara RAM inalazimika kusimama ili kujichaji upya, maana chaji kwenye vyumba vyake huvuja. tRFC ni muda wa kusimama, tREFI ni umbali kati ya kusimama na kusimama. Kwenye chipu ya DDR5 ya gigabiti 16, tRFC ya kawaida ni nanosekunde 295, yaani mizunguko 885 kwenye kasi ya 6000. Shusha kwa hatua za 50 hadi ianze kukosea, kisha rudi juu hatua mbili. Aina ya chipu ndiyo inayoamua. Samsung B-die za DDR4 zilipendwa kwa sababu zinashuka hadi karibu nanosekunde 150 ambapo nyingine hukataa zikiwa bado juu ya 250.

tREFI ni kinyume: kadiri namba inavyokua ndivyo bora. Kwa DDR5-6000 kawaida yake ni mizunguko 11,700. Jaribu 32,000, kisha 50,000. Ila hapa joto ni adui wa wazi, kwa kuwa chaji huvuja haraka zaidi RAM ikiwa na joto. Mpangilio uliopita usiku wa baridi utakosea mchana kadi ya picha inapopuliza hewa ya moto chini yake. Vipande vya DDR5 vina kipimajoto ndani, nayo HWiNFO64 hukisoma. Vibakize chini ya nyuzi 50 na ushee ukitaka tREFI kubwa.

Baada ya hapo kaza tRRD_S na tRRD_L, muda kati ya kufungua droo moja na nyingine, na tFAW, muda wa kufungua droo nne, ukikumbuka kwamba tFAW haina maana ikiwa chini ya mara nne ya tRRD_S. Zilizobaki ziachie mazabodi. Faida yake ni ndogo na saa za kupima ni zilezile.

Kupima RAM

Taimingi zikikazwa kupita kiasi, Windows yenyewe huweza kuharibika wakati wa kuwaka. Kwa hiyo baada ya kila mabadiliko makubwa, usiwashe Windows kwanza. Washa kwa flashi yenye MemTest86 na uiache imalize mzunguko mmoja. Ikipita, ingia Windows na uendeshe TestMem5 kwa mpangilio mzito uitwao anta777, mizunguko mitatu. Kosa moja ni kushindwa. Hakuna kosa dogo kwenye RAM. Zile picha zangu zenye mistari ziliharibiwa na makosa ya namna hiyohiyo.

DDR5 ina ugumu wake. Kila chipu ina usahihishaji wa makosa ndani yake, kwa hiyo mpangilio mbovu huweza kupita vipimo huku chipu zikihangaika kuficha makosa. Baada ya kila hatua pima pia ucheleweshaji na upana kwa AIDA64, programu nyingine ya kupima. Ikiwa umekaza taimingi na alama hazikupanda, au zinayumba kutoka kipimo hadi kipimo, rudi nyuma hata kama hakuna kosa lililoonekana.

Pima ukiwa na kadi ya picha chini ya mzigo, maana ndivyo joto litakavyokuwa ukicheza au ukihariri video. TestMem5 ikiwa imepita, rudia Prime95, safari hii kwa FFT kubwa, ili prosesa na RAM zijaribiwe kwa pamoja. Usiku mmoja kamili.

Kompyuta ikikataa kuwaka

Skrini ikibaki nyeusi baada ya mabadiliko ya RAM, subiri dakika kumi. Mazabodi nyingi hujaribu mara kadhaa kisha zenyewe hurudi kwenye hali salama. Zisiporudi, futa CMOS. Ikiganda au ikijiwasha upya chini ya mzigo mzito, shuku volti ya prosesa au joto. Ikijiwasha upya ikiwa haina kazi, shuku Curve Optimizer. Programu moja moja zikijifunga, mafaili ya kupakua yakigoma kufunguka, au skrini ya buluu ikitaja kumbukumbu kwa sababu tofauti kila mara, shuku RAM kwanza. USB zikikatikakatika au sauti ikikwaruza kwenye Ryzen, punguza kasi ya Infinity Fabric kabla ya kubadilisha kingine.

Ukishatulia, hifadhi mpangilio kwenye profaili ya BIOS, na upige picha kila ukurasa wa menyu kwa simu. Usasishaji wa BIOS utafuta mipangilio yote, na mara nyingi hufuta hata profaili ulizohifadhi. Siku hiyo ikifika, ingiza namba upya kutoka kwenye daftari, anza na MemTest86 kabla ya Windows, na upime upya kana kwamba ni mara ya kwanza, kwa sababu BIOS mpya huweza kuifunza RAM kwa namna nyingine na namba zilizokuwa salama jana zikawa na makosa leo.